Uzi wa Tatu wa Papa Norbert

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto. Aliye kwenye treni aingize vizuri vile vidude vyake vya masikioni. Mwenye mtoto anayelia ampakate, tutamsikia sote, hakuna neno. Ni mimi bibi yenu Mwatumu, hapa redio yetu ya mtaa, Alby. Leo tunamkumbuka mtu.

Tunamkumbuka Papa Norbert Lushombo, mpiga gitaa. Alizaliwa Uvira, Kongo, kule kando ya ziwa. Alikufa hapa Stockholm mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelala uani kama shuka chafu. Ameacha mke, Mama Pélagie, wa hapa hapa Alby. Ameacha binti, Heshima, anayekaa Akalla. Mke mmoja, binti mmoja, gitaa moja. Shikeni hayo matatu, hamtapotea.

Mnajua marehemu husifiwa. Ameshakufa, atasemwa vibaya ya nini? Lakini Mama Pélagie alinijia mwenyewe, akakaa kwenye kiti hiki ninachokiona, akaniambia, "Mama Mwatumu, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Na mimi usinipake." Nikampigia Heshima simu, naye akasema, semeni yote. Basi tunasema yote.

Tuanze na gitaa. Gitaa lina nyuzi sita. Uzi wa kwanza ni mwembamba, wa sita ni mnene. Kabla ya kupiga, unazituni, yaani unazikaza na kuzilegeza kwa zile funguo za kichwani mpaka zipatane. Watu wengi wanajua namna moja tu ya kuzipatanisha. Papa Norbert alijua namna nyingi. Ile ya kila mtu aliiita ya shule. Kulikuwa na nyingine, uzi wa sita unalegezwa mpaka unanguruma kama ng'ombe, akaiita ya walioshiba. Na kulikuwa na moja ya kwake peke yake. Hiyo aliiita mke mwenza.

Mke mwenza ilikuwa hivi. Unatoa uzi wa nne, unaweka mwembamba mahali pake, nao unalia juu, karibu kabisa na uzi wa tatu. Halafu uzi wa tatu unaulegeza. Si sana. Unywele mmoja tu, chini ya pale watu wote wanapouacha. Ukizidi, umeharibu. Ukipungua, umeharibu. Ukifika pale pake, nyuzi zile mbili zinagombana vizuri, kama wake wenza wanaorushiana maneno huku wanatwanga kinu kimoja. Hapo hakuna anayebaki kwenye kiti. Hata mimi na magoti yangu haya niliwahi kunyanyuka.

Sasa, ule unywele aliupimaje? Hapo ndipo anapoingia Mama Pélagie.

Walikutana kambini, Uganda, wote wawili wamekimbia vita. Hapakuwa na kinanda wala kitu kingine cha kumpa mtu sauti ya kuanzia. Palikuwa na Pélagie, msichana wa kwaya, mwenye sauti isiyotikisika. Norbert anamwambia, "Nipe." Yeye anaimba, "Eeee." Norbert anaushusha uzi wa tatu, unashuka, unashuka, mpaka unakutana na sauti ile. Ukikutana nayo, Pélagie anagusa kitambaa chake cha kichwani. Maana yake, umefika. Ndivyo walivyooana, kama mlitaka kujua.

Na akimaliza kupiga, Norbert hakuwahi kuliweka gitaa chini kabla ya kulegeza nyuzi zote sita. Zote, mpaka zining'inie kama nguo mbichi. Alisema wazee waliomfundisha walifanya hivyo, mtu asikuibie. "Nyumba haiachwi wazi," alisema. Wapiga gitaa wa kwaya ya kanisani kwao hapa Stockholm walimvizia miaka na miaka wasipate kitu. Alimwogopa kila mtu kuwa mwizi, isipokuwa mtu mmoja. Mkewe. Mke alikuwa kama msumari wa ukutani wa kutundikia gitaa. Nani anauogopa msumari?

Wasikilizaji wapendwa, nilisema tutasema yote. Heshima alipokuwa na miaka kumi na minne, kengele ya mlango ililia mchana, baba akaenda kufungua. Akaliacha gitaa kitini, nyuzi bado zimekazwa. Mtoto akalichukua. Alipiga kidogo tu, kwa woga. Baba akarudi. Hakupiga kelele. Akaenda jikoni, akarudi na mkasi, akakata nyuzi mbele yake, mmoja baada ya mwingine. Ule wa mwisho uliruka ukamchapa mtoto chini ya jicho. Alama anayo mpaka leo.

"Mke mwenza si wa kuchezewa na mtoto," baba akasema.

Mnajua watoto wetu, ukiwasema kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswidi. Heshima akajibu, "Jag lär mig ändå." Yaani, nitajifunza tu. Na damu inamtoka.

Na Mama Pélagie? Alifagia nyuzi. Akamwambia mtoto, "Omba baba yako msamaha."

Heshima alipopata kazi yake na chumba chake, alikwenda kukaa Akalla, upande wa pili kabisa wa mji. Kutoka Alby huwezi kwenda mbali zaidi na bado ukawa Stockholm. Lakini gitaa alijifunza. Alinunua la kwake, akajifunza ile ya shule. Mke mwenza hakuipata. Alichotaka kwa baba yake ni hicho kimoja tu. Si samahani. Alitaka apewe mke mwenza, kwa mkono wa baba, kama anavyopewa mtoto.

Sasa masikio. Masikio ya Papa Norbert yalianza kufa polepole. Alipewa vile vifaa vya kusaidia kusikia, akavijaribu, akasema gitaa linalia kama vijiko kwenye sinki, akavitupa kwenye droo. "Mpiga gitaa mwenye masikio ya plastiki! Unataka wanicheke?" Hakumwambia mtu. Akabaki anaegemea kitambaa cha mkewe. Anaushusha uzi, anamtazama, anauliza kwa midomo tu, "Ni bien?" Yaani, iko sawa? Mke anagusa kitambaa. Yeye anapiga, na watu wanacheza, na hakuna aliyejua, isipokuwa mkewe, kwamba yule mtu hasikii ule unywele tena.

Ikaja arusi ya Emery, kiongozi wa kwaya, na Nicole. Ukumbini Farsta. Watu wamejaa, Wakongo, Waganda, Watanzania wachache na midomo yetu. Papa Norbert akasimama na gitaa, akashika kipaza sauti. Alikuwa amekunywa kidogo. Si sana, msimtafutie sababu.

"Wapendwa!" akasema. "Munamuona bibi yangu pale?" Wao mke humwita bibi. "Zamani huyu alikuwa na sauti ya malaika. Leo ni mlango wa choo ya kambi. Kwiiii!"

Ukumbi ukacheka.

"Siwezi kutuni gitaa kwa mlango wa choo. Natafuta sauti mupya. Wewe, dada wa Uganda, wewe mwenye nguo ya njano, unaitwa nani?"

"Nabukenya."

"Kuja hapa, Nabukenya. Unaweza kusema eee?"

"Banange, mimi?" Akaziba mdomo kwa mkono. Watu wakamsukuma mbele. Akaimba, "Eeee," kwa aibu, sauti nzuri tu ya msichana, lakini haikuwa pale. Papa Norbert akaushusha uzi wa tatu, akazungusha kiuno, akasema, "Huyu sasa ndiye mke mwenza mwenyewe!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Mama Pélagie alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na sinia la samaki.

"Nami nilicheka," aliniambia. "Ningefanya nini? Nilie, na samaki mkononi?"

Halafu, wapendwa, yule mtu aliyemfanyia hivyo akageuza shingo, akamtafuta kwa macho. Maana hakusikia kama uzi umefika au haujafika. Na hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Akauliza kwa midomo, "Ni bien?"

Uzi haukuwa umefika. Ulikuwa juu, unauma sikio. Mama Pélagie alisikia. Akahamishia sinia mkono mmoja. Akagusa kitambaa.

Papa Norbert akapiga. Watu wakaanza kucheza, wakapunguza, wakatazamana. Siku ile wakasema ni kosa la Nabukenya, ndiye aliyetoa sauti mbaya. Masikini Nabukenya.

Nyumbani, wiki iliyofuata, Norbert akasema, "Nipe," kama kwamba hakuna kilichotokea. Hakukumbuka, au alikumbuka akaona ni mzaha. Mama Pélagie akampa. Sauti yake ilikuwa safi, haikuwa mlango wa choo, sikilizeni vizuri hapo. Sauti alimpa ya kweli. Alichomnyima ni kitambaa. Alikigusa mapema, unywele kabla ya unywele. Kila mara. Mwaka ule, na mwaka uliofuata, na miaka iliyofuata. Mume aliuacha uzi pale alipoambiwa auache, akapiga vibaya mbele za watu, na mke akamtazama akipiga.

Nabukenya alijaribu. Alimfuata baada ya ibada, akasema, "Papa, samahani, uzi mmoja unalia vibaya."

Norbert akamgeukia mkewe. "Ni bien?"

"Ni bien," Mama Pélagie akasema.

"Umesikia? Enda nyumbani uoshe masikio, yamejaa matoke."

Emery naye akaja na kile kidude kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa, kinachowaka kijani sauti ikiwa sawa. Akakibana. Kikawaka chekundu. "Papa, ona mwenyewe."

Norbert akacheka kweli kweli. "Kidude chako kilikuwa chekundu tangu siku ya kwanza, Emery. Mke mwenza haijulikani na taa."

Na hapo alikuwa anasema kweli. Hata ile mke mwenza nzuri, ile iliyotunyanyua vitini, kidude kingeikataa. Dunia nzima ilikuwa na kitu kimoja cha kumwambia ukweli, nacho kilikuwa kimefungwa kitambaa kichwani.

Wakamtoa kwenye muziki wa kanisa. Emery alimwambia kwa heshima, "Papa, pumzika sasa, waachie vijana." Hakuna aliyemwita tena kwenye arusi. Akawa anauliza nyumbani, "Watu wana nini na mimi?"

"Wivu, mume wangu," Mama Pélagie anamjibu. "Mti wenye matunda ndio unaopigwa mawe."

Wengi wenu mlimwona hapa. Akawa anakaa kwenye benchi karibu na stesheni na gitaa lake. Vijana wanampiga picha za simu, wanamwigiza, wanacheka mpaka treni inakuja. Na ubavuni mwake, mkewe, na chupa ya chai. Tulikuwa tunasema, angalia mke mwema yule, hamwachi mumewe. Kumbe mke mwema anamimina chai na anasikiliza ule uzi unavyolia.

Nilimuuliza, "Hukumhurumia?"

Akasema, "Siku moja nilifungua mdomo nimwambie. Nikakumbuka samaki."

Basi akaugua. Akalazwa, na ikaonekana hatatoka. Heshima akaja kutoka Akalla. Baba na binti hawakuwa wamekaa chumba kimoja kwa muda mrefu. Norbert alikuwa hasikii kitu sasa, hata mlango. Akamtazama mtoto, akaitazama ile alama chini ya jicho, akasema, "Lete gitaa."

Likaletwa. Akasema, "Mke mwenza haipewi mtoto. Lakini nina nani mwingine?" Ndivyo alivyompa. Hata kutoa, alitoa kwa kisu.

Akamwonyesha uzi wa nne, ule mwembamba. Akachukua mkono wa binti, akauweka kwenye ufunguo wa uzi wa tatu, akaufunika kwa mkono wake, mkono mkavu kama jani. Akasema, "Mama yako ataimba. Shusha polepole. Akigusa kitambaa, umefika. Usiamini mtu mwingine. Hata masikio yako usiyaamini. Amini kitambaa."

Mama Pélagie akasimama miguuni mwa kitanda. Akaimba, "Eeee." Uzi ukaanza kushuka.

Alijua la kufanya, wapendwa. Angengoja tu kidogo, uzi ungefika. Lakini Heshima ana masikio. Angesikia kwamba hiki si kile alichokipiga baba yake kwenye lile benchi, ambacho kila mtu amekirekodi kwenye simu. Angeuliza. Mama Pélagie akamwona mwanawe. Akamwona mumewe, amefumba macho, anangoja kuambiwa. Akagusa kitambaa. Mapema.

"Haikuwa kama niliyoisikia utotoni," Heshima aliniambia. "Lakini nilifikiri, labda nimesahau. Nani angefikiri?"

Papa Norbert alitabasamu. Hakuimaliza wiki.

Tulimzika, tukarudi ukumbini hapa Alby kula. Heshima akasema atampigia baba yake wimbo wake. Akatuni kama alivyofundishwa, pale pale mkono ulipokumbuka. Akapiga.

Ulilia vibaya. Ulilia vile vile kama kwenye benchi. Watu wakatazama sahani. Na Valéry, yule wa sauti ya chini wa kwaya, hawezi kuuacha mdomo wake nyumbani, akasema, "Mzee ni mzee tu! Hata mtoto wake mwenyewe hakumpa, amemfungia mlango!"

Wakacheka. Kwenye msiba, wapendwa. Wakacheka.

Heshima akaacha kupiga. Akaigeukia picha ya baba yake pale mezani kati ya mishumaa. "Umenicheka mpaka kaburini," akaiambia. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani ana mkasi?"

Mtu akaenda jikoni kuuleta. Kweli akaenda.

Mama Pélagie akasimama. "Usikate."

"Mama, kaa."

Hakukaa. Aliimba. "Eeee." Mikono ameiacha chini, haigusi kitu. Heshima hakutaka, lakini mkono ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo. Uzi ukashuka. Ukapaacha pale pa hospitali. Ukashuka unywele. Hapo Mama Pélagie akagusa kitambaa.

Heshima akapitisha kidole kwenye nyuzi mara moja tu. Nasi tuliokuwepo tukamsikia Norbert. Yule wa zamani, yule wa kabla ya arusi ya Emery. Halafu, mmoja baada ya mwingine, tukaelewa tulichosikia.

"Hospitalini ulikuwa unasikia?" Heshima akauliza.

"Nilisikia."

"Na kwenye benchi?"

"Nilisikia. Si yeye aliyekufungia. Yeye alikupa. Ni mimi."

Emery akakaa chini taratibu. Nabukenya akaanza kulia.

Heshima alilegeza nyuzi. Zote sita. Akalitia gitaa kwenye mfuko, akavaa koti, akaenda stesheni. Mama yake alimfuata mpaka mlangoni. Hakugeuka.

Basi, wasikilizaji wapendwa, kwa jina la redio hii natoa pole. Kwa kawaida nasema pole kwa familia. Leo nasema mara mbili, maana familia ni nyumba mbili. Pole Mama Pélagie, Alby. Pole Heshima, Akalla. Papa Norbert, Mungu akupokee, akurudishie masikio. Ukishayapata, sijui utasikia nini kwanza.

Nasi tuliobaki tujiangalie. Yule unayemtundikia vitu vyako kila siku, anakusikia. Na yule aliyekukosea, siku akikuuliza, "Iko sawa?" na hana mwingine wa kumuuliza, wewe utagusa nini? Nami nilikuwa kwenye arusi ile, wapendwa. Samaki walikuwa watamu.

Heshima aliponiruhusu kusema yote, aliweka sharti moja. Alisema, "Mama asiseme neno kwenye redio yenu. Amesema vya kutosha kwa kitambaa." Nimeliheshimu. Mama Pélagie yuko hapa nami sasa, na hajasema neno. Kitambaa amekivua, amekikunja, amekiweka mezani mbele yangu. Kichwa kiko wazi, nywele zote nyeupe. Sijawahi kumwona hivyo.

Heshima, mwanangu, kama redio iko wazi huko, chukua gitaa. Uzi wa tatu. Hakuna wa kukuambia umefika. Utasikia mwenyewe.

Mama Pélagie, sogea karibu na kipaza sauti. Mpe.